Nani kawaambia waliofungwa miguu walikuwa wanakaa tu?

Nafundisha historia ya China na pembeni nasimamia kikundi cha kusoma riwaya, na nyie wapenzi wa riwaya za kihistoria za wanawake wa Kichina nawapenda sana ila mnanimaliza. Kila mtu akifunga kitabu cha kwanza anakuja na maneno yale yale, kwamba kumbe ni wake wa matajiri ndo walifungwa miguu, yaani ile mila ya zamani ya China ya kumkaza binti miguu kwa kitambaa toka utotoni ibaki midogo, ili wasifanye kazi, wakae wapendeze machoni pa waume zao. Nimeyasikia mpaka naweza kummalizia mtu sentensi. Leo naandika, atakayeuliza tena namtumia linki.

Kwamba ilianzia kwa wakubwa, hilo sibishi. Kaburi la Huang Sheng pale Fuzhou, binti wa familia ya vyeo aliyekufa 1243, limekutwa na viatu vile vyembamba vya miguu iliyofungwa. Tatizo mnachukua karne ya 13 mnaibandika kwenye karne ya 19, ambayo ndo riwaya zenu nyingi zinaizungumzia, na kufikia hapo kaskazini mwa China binti wa mkulima kijijini anafungwa kama kawaida. Wilaya ya Ding, mkoa wa Hebei, watafiti walipita nyumba kwa nyumba miaka ya 1920, wakakuta waliozaliwa kabla ya 1890 ni 99% waliofungwa. Sasa niambieni, wilaya gani duniani ina matajiri 99%?

Na anayefunga ni mama mzazi, au bibi. Mtoto ana miaka mitano, sita, mpaka nane hivi, vidole vinne vinakunjwa chini ya wayo, kidole gumba kinaachwa, halafu kitambaa kirefu kinazungushwa na kukazwa, kinafunguliwa, mguu unaoshwa, kinakazwa tena zaidi, hivyo hivyo kwa miezi na miaka mpaka mguu unajikunja. Riwaya hapo zinatoa machozi na mimi silaumu, inauma kusoma. Ila zikishamaliza machozi zinamrukisha binti moja kwa moja mpaka kwa mshenga na viatu vya kutariziwa. Hiyo miaka kumi ya katikati anafanya nini? Hapo ndo kwenye stori yenyewe na hamna anayeuliza.

Anasokota nyuzi. Watafiti Laurel Bossen na Hill Gates walihoji vikongwe zaidi ya 1,800 wa vijijini, kitabu chao kilitoka 2017, na swali lao lilikuwa la kawaida kabisa: ulipokuwa mdogo mikono yako ilikuwa inafanya kazi gani? Majibu ni pamba, kusokota, kufuma, kushona viatu, kusuka mikeka, kazi za kukaa chini mchana kutwa, na nguo inayotoka hapo inavaliwa nyumbani na nyingine inaenda sokoni kuleta hela. Sasa mtoto wa miaka saba mwenye miguu mizima utamkalisha vipi kwenye gurudumu la kusokotea toka asubuhi mpaka jioni? Atatoka tu akacheze. Mwenye miguu ile hatoki. Yaani huyo mnayemwita pambo la nyumba alikuwa ndo kiwanda cha nyumba, na akikua anaendelea kupika, kulea, na hata shambani alikuwa anaenda inapobidi, wengine wakipiga magoti.

Sisemi urembo na ndoa havikuwepo, vilikuwepo, na wapo wanahistoria wanaovipa uzito kuliko mimi. Lakini utafiti huo huo haukuona kwamba kwa ujumla waliofungwa waliolewa na familia zenye nacho kuliko wenzao. Halafu angalieni ilivyokwisha. Serikali ya Qing, ukoo wa Wamanchu uliokuwa unatawala China, ilipiga marufuku 1664, haikufika popote, 1668 wakafuta amri yao wenyewe. Karne mbili na zaidi baadaye uzi wa mashine kutoka Bombay, India, unamwagika China, kisha viwanda vya Shanghai, na uzi wa binti wa kijijini unakosa bei. Wamisionari walipiga kelele, mwanamageuzi Kang Youwei alipiga kelele, Jamhuri ikapiga marufuku 1912, sawa, walichangia, ila pale Ding waliozaliwa baada ya 1919 hakufungwa hata mmoja, na mimi siamini hotuba peke yake inaweza kufanya hivyo.

Mengine haraka haraka.

Eti wanawake wote wa China walifungwa. Hapana, Wamanchu hawakufunga na Wahakka, Wachina wa kusini, hawakufunga, kwa hiyo mabibi wa ikulu ya Qing wa Kimanchu walitembea na miguu yao mizima. Ushauri wangu siku zote, kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza tafuta vitu vitatu: mwaka gani, mkoa gani, watu gani. Mwandishi akishindwa kukuonyesha hivyo ndani ya sura mbili weka kitabu chini.

Eti nüshu, yale maandishi ya wanawake wa Jiangyong, Hunan, yalikuwa siri na mwanaume akijua balaa. Siri gani inayoimbwa kwa sauti? Bibi harusi aliletewa kijitabu siku ya tatu baada ya harusi, kinasomwa huko huko kwa wakwe. Wanaume walijua yapo, hawakujishughulisha nayo tu.

Eti hamna mwanamke aliyejua kusoma. Mitihani ya kupata vyeo serikalini ndo walizuiwa, kusoma hapana, angalau kwa waliozaliwa nyumba zenye vitabu. Mshairi Li Qingzhao wa enzi ya Song, karne ya 11 na 12, anasomwa shuleni mpaka leo, na aliachana na mume wa pili kwa kumshtaki mwenyewe.

Qipao, lile gauni la Kichina la kubana mnaloliona kwenye majalada, ni la miaka ya 1930, Shanghai. Stori ni ya enzi ya Ming, karne ya 14 mpaka 17, jalada la 1930, mchoraji kalipwa na mhariri kanyamaza.

Na geisha, wale wanawake wasanii wa kuburudisha wageni, ni wa Japani jamani. Najua ile filamu ya 2005, Memoirs of a Geisha, waigizaji wakuu wa kike walikuwa wa asili ya Kichina, lakini walikuwa wanaigiza Wajapani, Kyoto, msiniletee tena kwenye kikundi.