Vyakula vya kwetu kwenye ndege: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Kila nikikaribia kusafiri kwenda kumwona rafiki yangu Hamburg simu zinaanza. Huyu ananiambia usibebe chochote mdogo wangu, Wazungu wanakamata kila kitu, yule ananiambia we tia tu katikati ya nguo hawaoni. Wote wawili wamekosea na makosa haya yananiuma kweli, kwasababu nimeshamuona mama mtu mzima amesimama mbele ya meza ya forodha anaangalia kopo lake la samli, samli aliyoihangaikia mwenyewe nyumbani, linatupwa kwenye pipa. Angejua mapema angembebea mwanae asali ya Tabora ikapita bila neno. Ndo maana nimekaa niandike haya.

Dhana ya kwanza, na ndo kubwa kuliko zote: eti Ulaya chakula kutoka Afrika hakiingii.

Kinaingia. Sheria yao haiulizi Afrika au siyo Afrika kwa kila kitu, inauliza ni chakula cha aina gani. Nyama na maziwa kutoka kwetu, hapo jibu ni hapana, hata nusu kilo. Lakini samaki ni habari nyingine kabisa. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya msafiri anaruhusiwa kubeba samaki hadi kilo 20 kwa matumizi yake, au samaki mmoja hata kama huyo mmoja anazidi kilo 20, na kama ni mbichi lazima awe ametolewa utumbo. Kilo ishirini! Watu wanaogopa kubeba robo ya dagaa wa Kigoma wakati wangeweza kubeba hadi begi lishindwe kuinuka. Asali ni hadi kilo 2 kwa mtu. Uingereza ilipotoka kwenye Umoja ilibaki na vipimo hivyo hivyo vya samaki na asali, kwahiyo wa Leicester na wa Hamburg hapo wako sawa. Unga wa ubuyu nao watu wanauogopa bure, Umoja wa Ulaya uliukubali kama chakula tangu 2008.

"Nyama ikikaushwa vizuri au ikikaangwa haina shida, vijidudu vimeshakufa."

Hii nimeisikia kwa watu wazima na akili zao, na naelewa inakotoka, maana nyumbani ndo tunavyohifadhi nyama na hatuumwi. Ila afisa wa forodha hafikirii tumbo lako anafikiria ng'ombe na nguruwe wa kwao. Ugonjwa wa miguu na midomo upo kwenye mifugo yetu miaka yote, na kirusi chake kinaweza kukaa kwenye nyama na maziwa muda mrefu, na kwa kuiangalia tu huyo afisa hana namna ya kujua nyama yako ulikausha jua la siku ngapi. Uingereza mwaka 2001 ugonjwa huo uliingia, wakaua mifugo zaidi ya milioni 6, na inaaminika ulianzia kwa nguruwe waliolishwa mabaki ya chakula yenye nyama iliyoingizwa nchini kinyemela. Fikiria wewe ni mfugaji unaona zizi lako lote linachomwa moto. Nikikumbuka hilo siwezi kuwaona maafisa kama watu wa roho mbaya.

Sasa watu wanachanganya hapa, samli. Wanasema samli ni mafuta siyo maziwa. Samli imetoka kwenye maziwa kwahiyo inahesabiwa na maziwa, haiingii. Lakini halua ya Zanzibar ambayo ndani yake kuna samli kidogo imo kwenye kundi la vitamutamu, na mikate, keki, biskuti na vitamutamu visivyochanganywa na nyama vinaruhusiwa. Kwahiyo kama mtu ana hamu ya ladha ya samli ya nyumbani mpelekee halua, na kashata, na visheti, ataipata humo.

Matunda nitayasema kwa kirefu maana yaliniumiza mwenyewe. Safari moja nilibeba maembe dodo nane, nimeyachagua moja moja, mengine nusu mabichi yaivie njiani, rafiki yangu ana miaka sita hajala embe la kwetu. Dhana yangu ilikuwa tunda ni tunda tu, halina damu halina maziwa, nani atalikataa. Yalichukuliwa yote nane kwenye uwanja niliofikia. Baadae ndo nikajua kwamba tangu 14 Desemba 2019 tunda lolote bichi linaloingia Umoja wa Ulaya kutoka nje lazima liwe na cheti cha afya ya mimea isipokuwa matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Basi. Embe halimo, parachichi la Njombe halimo, pera halimo, na mboga za majani kama matembele na kisamvu kibichi nazo zinataka cheti. Sababu ni wadudu. Kuna nzi wa matunda alionekana Kenya mwaka 2003 akasambaa ukanda wetu wote, anataga mayai ndani ya embe na kwa nje embe linang'aa halina hata alama, ukilipasua unakuta mabuu. Mkulima wa kwetu anamjua vizuri sana huyo nzi, amemtia hasara misimu mingi.

Uingereza wao orodha yao ni ndefu zaidi, wamesamehe pia embe, pasheni, mapera na machungwa. Kwahiyo usichukue ushauri wa mtu wa London ukautumia kwenda Ujerumani, hapo ndo watu wengi wanaponzwa. Na cheti chenyewe siyo hadithi, kwa Tanzania kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, Kenya ni KEPHIS, ila lazima ukaguliwe kabla ya safari, huwezi kukimbilia dakika ya mwisho uko na begi mkononi. Kwa maembe nane mi naona usijisumbue. Beba nanasi.

"Ukificha vizuri hawaoni, ukitaja umejiponza."

Ni kinyume chake. Marekani hasa, fomu na afisa wote wanakuuliza una chakula, na kosa kubwa siyo kuwa na chakula kisichoruhusiwa, kosa ni kusema huna. Ukisema ninacho, kama hakiruhusiwi wanakichukua na safari inaendelea, hakuna faini. Ukisema sina halafu mbwa wao wa kunusa mizigo akakaa chini pembeni ya begi lako, faini kwa kosa la kwanza huwa dola 300. Dola mia tatu kwa ajili ya kipande cha nyama ya kukausha, hiyo ni pesa ungemnunulia rafiki yako kitu cha maana. Mi siku hizi naandika orodha kwenye karatasi, kwa Kiingereza, dagaa wakavu kilo mbili, asali kilo moja, ubuyu, korosho za kukaanga, naitoa kabla sijaulizwa. Mara zote afisa anaisoma anauliza swali moja mawili ananiambia pita.

Tuje kwenye ndege yenyewe. Wengi wanaamini tumbo la ndege ni kama friji, ukiweka sato aliyeganda atafika ameganda. Huko chini kwenye mizigo joto linabadilika, na kabla ya kupakiwa begi lako linaweza kukaa juani Dar nusu saa, likabadilisha ndege Addis au Doha, likasubiri tena. Samaki wa friza kwa safari ya saa moja na nusu kutoka Mwanza kwenda Dar sawa, agandishwe kama jiwe, azungushiwe magazeti, boksi lifungwe solotepu pande zote, watu wa Mwanza hilo wanalijua kuliko mimi. Kwa safari ya usiku mzima mkaushe au mkaange.

Wengine wanaamini kinyume, kwamba huko chini hakuna hewa kabisa na chupa lazima zipasuke. Hewa ipo, mgandamizo wa kwenye mizigo ni kama wa juu mnakokaa abiria, ila wote unapungua ukilinganisha na wa ardhini, kama vile mko kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Hewa iliyofungiwa ndani ya chupa inatanuka, inatafuta pa kutokea, na mafuta yanatoka nayo. Mawese ya Kigoma yakimwagika kwenye begi hakuna nguo itakayobaki, rangi ile haitoki. Tumia chupa inayobonyea, ibonyeze kidogo kutoa hewa kabla ya kufunga kifuniko, zungushia solotepu, tia kwenye mfuko mzito wa kuziba, kisha kwenye kopo lenye kifuniko. Pombe za kienyeji kama ulanzi na mbege usibebe kabisa, vile vinaendelea kuchacha njiani, gesi inajaa, hapo chupa inapasuka kweli.

Na asali, achari, siagi ya karanga, vyote hivyo kwa watu wa ulinzi ni vimiminika, kwenye begi la mkononi mwisho ni chupa ya mililita 100, sheria ilianza 2006 na kwa viwanja vingi vya kwetu bado ipo. Viweke begi la chini. Hata ukinunua ndani baada ya ukaguzi, kama unabadilisha ndege mbele wanaweza kukukagua upya wakaichukua.

Kuna kitu kimoja watu wa pwani hawakijui kabisa na sijui kwanini hakisemwi. Nazi nzima haina neno, lakini mbata, nazi iliyokaushwa, kwenye usafiri wa ndege imewekwa kwenye orodha ya bidhaa hatari kwasababu ina mafuta mengi na inaweza kujipasha joto yenyewe hadi ikawaka. Usibebe mbata. Doriani nalo, sheria ya Ulaya imelisamehe kama nilivyosema, ila mashirika mengi ya ndege yanalikataa kwa harufu, na abiria wa jirani yako hatakusamehe.

Mfuko pia una sheria. Rambo, mifuko ya plastiki ya kubebea, Tanzania ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017, Rwanda wao walitangulia 2008, kwahiyo ukija na mzigo wako umefungwa rambo tano tano unaweza kuambiwa uzitoe hapo hapo eapoti. Kikapu cha ukili, kitambaa, kopo, karatasi za kaki, hivyo ndo vya kufungia, na kikapu chenyewe kinabaki kuwa zawadi.

Kuna wanaodhani safari ya ndani au ya jirani haina masharti. Ina. Ndege ndogo za kwenda Pemba au Mafia nyingi kilo 15 tu. Karafuu za Zanzibar mnunuzi wake kisheria kutoka kwa mkulima ni shirika la serikali, ZSTC, magunia ya kupitisha kimyakimya yanaitwa magendo, kwahiyo zawadi nunua pakiti dukani utunze risiti. Senene wa Bukoba wakishakaangwa wakakauka wanasafiri vizuri sana hawana fujo. Hata Novemba 2021 kwenye ndege ya Uganda Airlines kutoka Entebbe kwenda Dubai kuna abiria alionekana anauza senene katikati ya viti, wenzake wananunua, video ikazunguka dunia nzima. Kuuza ndani ya ndege siyo sawa, lakini ile hamu ya watu mi naielewa kabisa, senene ni msimu na ukiukosa umeukosa.

Miraa usimbebee mtu hata akuombe vipi. Kenya inauzwa barabarani lakini Tanzania ni dawa ya kulevya, Uingereza waliipiga marufuku Juni 2014, na Marekani pia. Hata hashhash, zile mbegu ndogo za mmea wa afyuni zinazowekwa kwenye mikate, Falme za Kiarabu ni kosa kubwa.

Nimalizie na hii ambayo siyo ya sheria ni ya moyo. Kuna watu wanasema chakula ni zawadi ya kimaskini, eti rafiki yuko Ulaya ana kila kitu, mpelekee chokleti za dukani au saa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mtu anayeishi mbali anapona kwa vitu asivyoweza kununua, anapona kwa ile harufu ya kopo likifunguliwa. Ila na hapa kuna dhana nyingine, kwamba ukimuuliza anataka nini umeharibu zawadi. Muulize. Huenda mtoto wake ana aleji ya karanga, huenda jengo lao king'ora cha moto kinalia mtu akikaanga samaki.

Mimi nilimuuliza rafiki yangu baada ya yale maembe. Nilidhani atataka mchele wa Kyela. Akaniambia mchele acha, mzito bure na hapa napata kwenye duka la Wahindi, niletee ubuyu, ule wa unga na siyo wa rangi, na dagaa wa Kigoma, ila uwakaange huko huko kabisa maana majirani zangu wa juu wanalalamika. Nikawakaanga kilo mbili, na vitunguu vyake na pilipili, nikawaacha wapoe usiku kucha kwenye ungo maana ukifunga cha moto mvuke unageuka maji na siku ya pili kuna ukungu, asubuhi nikawatia kwenye kopo na karatasi chini na juu. Walifika wakavu vile vile. Akala kwa mkono, amesimama jikoni na koti bado kalivaa, hata ugali hakuusubiri.