Ndiyo, mpatanishi ana maslahi yake

Juzi barazani, hapa Lamu, nimeulizwa tena: "Mpatanishi wa nje ana maslahi yake, atapatanisha nini?" Jamani! Asiye na maslahi yoyote angeacha kwake aje kukesha na watu wanaochukiana kwa ajili gani?

Mtazameni Jimmy Carter, rais wa Marekani, alipopatanisha Misri na Israeli kule Camp David, Septemba 1978. Marekani ilikuwa rafiki wa Israeli, na Sadat, rais wa Misri, alilijua hilo kabla hajapanda ndege. Alikwenda kwa sababu rafiki ndiye angeweza kumsogeza Begin, waziri mkuu wa Israeli. Vikao vya ana kwa ana vilipoharibika mapema, Carter akawatenganisha, ikabaki rasimu moja inayozunguka: inapelekwa huku, inakosolewa, inarekebishwa, inapelekwa kule. Ilirekebishwa zaidi ya mara 20 katika siku 13. Hakuna aliyetakiwa kukubali pendekezo la adui yake. Wote walikuwa wakikosoa karatasi ya Mmarekani. Kazi hiyo haihitaji mtu ambaye moyo wake hauegemei popote. Inahitaji mtu ambaye siri aliyopewa chumba hiki haivuki kwenda chumba cha pili, na ahadi aliyotoa huku ndiyo ileile atakayoitamka kule.

Hata wakulima na wafugaji wanapogombana upande wa Witu, mzee anayeitwa huenda ana ng'ombe wake mwenyewe. Watu wanajua, na wanamwita. Wasichomsamehe ni kuficha.

Wa nje huja pia na uzito. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi hapa Kenya, mpatanishi Kofi Annan alisimamisha mazungumzo ya wajumbe, akawaendea Kibaki na Raila wenyewe. Kikwete, mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akaingia, na tarehe 28 Februari mkataba ukatiwa saini.

Uzito huohuo ndio unaonitia shaka. Agosti 2015 Rais Salva Kiir alisaini mkataba wa amani wa Sudan Kusini kwa shinikizo la nje, huku akiorodhesha pingamizi zake. Julai 2016 Juba ikawaka tena. Kumsukuma mtu kunageuka lini kuwa kumlazimisha? Sina kipimo, na wanaodai wanacho siwaamini. Mimi nikiona upande mmoja unashika kalamu kwa kuchoka au kwa kutishwa, huomba tuahirishe. Wenzangu wengi katika kazi hii wananipinga: wanasema kila siku ya kuahirisha kuna watu wanaouawa, na hilo siwezi kulikanusha.