Mtoto akizaliwa: maneno ya mtaani na ukweli wa dini zenyewe

Hapa Mwanza nyumba moja ya kupanga unakuta Mkatoliki, Msabato, Mwislamu na mtu wa AIC (kanisa la Kiprotestanti la Africa Inland) wote wanachota maji bomba moja, sasa mtoto akizaliwa kila mtu ana lake la kusema kuhusu dini ya mwenzie, na mengi siyo kweli na yanaumiza.

Linaloniuma zaidi ni hili, eti mtoto wa Kikatoliki akifa hajabatizwa mbinguni haingii. Jamani, mama kafiwa halafu unamwambia hivyo? Ile habari ya limbo, yaani mahali pa kando walikodhaniwa kwenda watoto wasiobatizwa, haijawahi kuwa fundisho rasmi la imani, yalikuwa maelezo ya wanateolojia tu, Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1261 inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na 2007 tume ya teolojia ya Vatikani ikatoa waraka kwamba zipo sababu nzito za kutumaini wanaokolewa. Na hali ikiwa mbaya huna haja ya kumsubiri padre, nesi anaweza kubatiza, bibi anaweza, hata Mwislamu anaweza, ilimradi akusudie kufanya kile Kanisa linachofanya, amwagie maji kichwani na aseme nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Maji ya bomba, maji ya ziwani, yote sawa.

Halafu eti wazazi wasipofunga ndoa kanisani mtoto habatizwi. Kanuni ya 868 ya sheria za Kanisa Katoliki inataka angalau mzazi mmoja akubali na kuwe na tumaini kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki, ndoa haijatajwa pale, na Januari 2014 Papa Fransisko mwenyewe alibatiza mtoto ambaye wazazi wake walikuwa na ndoa ya bomani tu.

Kwa Waislamu ishu ni akika, yaani kuchinja mnyama kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa. Watu wanadhani ni faradhi kwa kila mtu, baba anakopa mpaka kikoba apate mbuzi wawili wa mtoto wa kiume (wa kike ni mmoja), wakati wanazuoni wengi wanasema ni sunna, siku ya saba, na asiye na uwezo hana dhambi yoyote. Wapo pia wanaoruhusu siku ya 14 au ya 21, kwa hiyo hakuna wa kumsimanga mtu. Ila kwenye kumlambisha mtoto kitu kitamu naomba tuwe makini, sunna yenyewe ni tende iliyolainishwa, wanaoweka asali waache, wataalamu wa afya wanakataza asali chini ya mwaka mmoja kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vyenye sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua.

Wahindu nao wakimnyoa mtoto watu wanasema wameiga Uislamu, hapana, ni ibada yao ya zamani sana, mara nyingi mwaka wa kwanza au wa tatu.

Wasabato na AIC wanasemwa hawana habari na watoto wachanga, kumbe wanawapeleka mbele ya kanisa wanaombewa na kuwekwa wakfu, maji mengi, yaani ubatizo wa kuzamishwa, yanasubiri mtu aamue mwenyewe. Na maji mengi siyo ya wakubwa peke yao, Waorthodoksi, ambao wana dayosisi hapa hapa Mwanza, wanamzamisha mtoto mchanga mara 3 na kwa kawaida ibada hiyo hiyo anapakwa krisma (mafuta matakatifu) na kupewa komunyo.