Ramu ndani ya shira: keki yangu ya tarehe 15 Novemba

Kila mwaka ikikaribia tarehe 15 Novemba natoa kabatini chombo kizito cha aluminiamu chenye tundu katikati, nakipaka siagi kwa brashi mpaka kila mkunjo uenee, halafu nakinyunyizia unga. Hapa Marekani hiyo ni siku ya keki ya Bundt, ile inayookwa kwenye chombo cha namna hii. Hakuna anayepumzika kazini kwa ajili yake, na majirani zangu wengi hawana habari nayo. Lakini mimi kuoka ndiyo kazi yangu, naishi Minneapolis, na chombo hicho kilizaliwa hapa hapa.

Mwaka 1950 akina mama wa Hadassah, chama cha wanawake wa Kiyahudi, walimwendea H. David Dalquist, mwenye kiwanda cha Nordic Ware. Walitaka chombo kama vile walivyookea mama zao Ulaya, vyenye tundu katikati, ila kisiwe kizito kama vile. Akawatengenezea cha aluminiamu. Kiliuzwa polepole tu hadi mwaka 1966, Ella Helfrich wa Texas alipopata nafasi ya pili katika mashindano ya kuoka ya kampuni ya unga ya Pillsbury kwa keki ya chokoleti aliyoiokea humo. Baada ya hapo kila jiko likakitaka.

Siku za vyakula za Wamarekani hazikutoka chungu kimoja. Siku ya donati, Ijumaa ya kwanza ya Juni, ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mjini Chicago mwaka 1938, kuwakumbuka wanawake waliowakaangia askari donati Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ya aiskrimu ilitangazwa na Rais Ronald Reagan mwaka 1984. Nyingine ni za wafanyabiashara, basi. Mimi sizibagui. Siku hizi hunipa tarehe ya kurudia pishi lile lile, kwenye oveni ile ile, mwaka hadi mwaka, na kuandika daftarini kilichobadilika. Mkono wangu umekomaa kwa njia hiyo kuliko kwa darasa lolote nililokaa.

Keki yenyewe naipika hivi. Siagi gramu 225 na sukari gramu 300 nazipiga pamoja mpaka ziwe nyeupe na nyepesi. Mayai manne yanaingia moja moja. Unga wa ngano gramu 375, beking pauda vijiko vitatu vya chai na chumvi nusu kijiko navichekecha pamoja, kisha navitia kwa zamu na maziwa mililita 180 na ramu nyeusi, ile pombe ya miwa, mililita 60. Rojo ikishachanganyika naacha kukoroga, maana ukiendelea keki itakuwa ngumu kama mkate. Nyuzi 165 za Selsiasi, muda wa saa nzima, mpaka njiti itoke kavu.

Shira ndiyo roho ya keki hii, na sisi watu wa pwani tunaijua shira. Nimekulia Tanga nikimtazama mama akiichemsha kwa ajili ya kaimati, akiidondoshea kidoleni aone kama inanata. Ya ramu ni ile ile, ila ina siagi: gramu 115, sukari gramu 200, maji mililita 60. Ichemke dakika tano. Halafu zima moto, ondoa sufuria jikoni kabisa, ndipo umimine ramu mililita 120 taratibu. Tafadhali usiipuuze hatua hii. Mvuke wa pombe hushika moto kwa haraka ya kutisha. Nilipokuwa najifunza kazi, mwenzangu alimimina ramu juu ya gesi inayowaka, na moto ukampanda kwenye mkono wa shati kabla hajarudi nyuma hatua moja. Alipona, lakini alama bado anayo.

Keki ikiwa moto bado, itoboe kwa kijiti, uinyweshe shira kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa. Ukiimimina yote kwa pamoja itatuama chini na keki itakuwa uji upande mmoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelibishania sana na wapishi wenzangu. Watu husema pombe ikishapikwa huruka yote, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 78, kabla ya maji. Si kweli. Pombe iliyochanganyika na maji, sukari na mafuta haitoki yote kwa mkupuo. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la kile kinachobaki: ikiokwa dakika 15 hubaki asilimia 40, saa moja asilimia 25, saa mbili na nusu bado asilimia 5. Ikitiwa kwenye kitu cha moto kilichokwisha kuepuliwa, hubaki asilimia 85.

Pigeni hesabu na keki yangu. Katika mililita 60 za kwenye rojo hubaki pombe ya kama mililita 15 za ramu. Katika mililita 120 za shira hubaki ya mililita 102. Jumla 117, na ukikata vipande 16, kila mmoja una kama mililita saba za ramu. Haimleweshi mtu mzima, lakini ipo. Ipo kwa mtoto, ipo kwa mjamzito, ipo kwa aliyeacha pombe kwa shida, ipo kwa Mwislamu. Mwenye kuoka hana haki ya kumwamulia mgeni kwamba kidogo hakihesabiwi. Kwa hiyo kila keki yangu yenye kilevi huwekewa kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa, na kila anayefika namwambia kwa mdomo.

Jirani yangu wa Mombasa aliniuliza mwaka wa kwanza, "Dada, hiyo ina nini ndani?" Nikamweleza. Akashukuru, akanywa chai kavu. Moyo uliniuma kuona mgeni wangu anaondoka bila kuonja kitu. Tangu hapo naoka keki mbili, na ya kwanza kuingia ovenini ni yake, kwa vyombo na brashi yake. Kwenye rojo maziwa hujaza nafasi ya ramu, na shira naichemsha kwa sukari guru, iliki na maganda ya chungwa. Sukari guru hutoka kwenye miwa kama ramu, na ule ukali wake mweusi hauko mbali. Jambo moja linalowapita wengi ni vanila ya maji. Hapa Marekani sheria inataka vanila halisi ya maji iwe na pombe isiyopungua asilimia 35. Kwa keki yake natumia punje za ndani ya ganda la vanila lenyewe.

Kuna mahali pengine ambapo kilevi hufanya kazi bila hata kuonjeka: kwenye ganda la pai. Unga wa ngano ukikutana na maji hujenga nyuzi zinazovutika, nazo ndizo zinazolifanya ganda liwe gumu. Pombe haijengi nyuzi hizo. Kwa unga gramu 350 tia maji baridi mililita 60 na vodka mililita 60: donge litasukumika bila kupasuka, na likiiva litavunjika kwa wepesi mdomoni. Hili nalo nalitangaza kwa wageni.

Pai ina siku yake pia, na kwa Kiswahili imekaa vizuri kuliko kwa lugha yao, kwa sababu namba ya duara tuliyofundishwa shuleni tunaiita pai na tunaiandika pai. Wamarekani hutanguliza mwezi, hivyo tarehe 14 Machi ni 3/14, kama namba yenyewe inavyoanza, 3.14. Larry Shaw aliisherehekea kwa mara ya kwanza mwaka 1988 kwenye jumba la sayansi la Exploratorium, San Francisco. Sisi tunaotanguliza siku tunayo yetu: pai ya darasani ilikuwa 22/7, yaani tarehe 22 Julai. Mwaka huu siku hiyo naoka mbili za maembe, moja ganda lake la vodka na moja la maji matupu, na jirani yangu ameshaniagiza nimwekee ya pili nzima.