Selimundu na vinasaba: maswali ya wazazi wa Moshi

Mtoto akipimwa damu na kukutwa na selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, maswali ya wazazi huwa karibu yaleyale.

Mimi na mume wangu hatuumwi. Mtoto kaupata wapi?

Kwenu wote wawili. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayohusika, moja ya baba na moja ya mama. Ninyi kila mmoja ana nakala moja nzima na moja yenye kasoro, na ile nzima inawatosha. Mtoto alirithi zote mbili zenye kasoro. Kwa wazazi kama ninyi uwezekano ni 1 kati ya 4, na hesabu huanza upya kila mimba. Kwa hiyo shangazi anayesema "hayo ni ya ukoo wa mama yake" amesema nusu tu.

Jeni ndiyo nini hasa?

Ni kipande cha vinasaba, yaani DNA: nyuzi mbili zilizosokotana ndani ya kiini cha seli, zimeandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C. A hukaa na T, G hukaa na C. Kila jeni hubeba maelekezo, mara nyingi ya kutengeneza protini fulani.

Labda mwili ulikosea kunakili akiwa tumboni? Nilibeba ndoo sana ujauzito ule.

Hapana mama, ndoo haihusiki. Kabla seli haijagawanyika, kimeng'enya (protini inayoendesha kazi ndani ya seli) kiitwacho helikesi hutenganisha nyuzi mbili. Kingine, polimerasi, hupita juu ya kila uzi kikiweka herufi mwenza: penye A kinaweka T, penye G kinaweka C. Mwishoni panakuwa na DNA mbili, kila moja ikiwa na uzi wa zamani na uzi mpya. Wanasayansi Meselson na Stahl walilithibitisha hilo mwaka 1958 kwa kutumia bakteria. Polimerasi hurudi nyuma kufuta ilipokosea, na vimeng'enya vya ukarabati hupita baadaye, hadi kosa linalosalia ni kama 1 katika herufi bilioni.

Kwa hiyo mwili wako ulinakili vizuri mno. Herufi moja ya jeni hiyo ilibadilika maelfu ya miaka iliyopita, na tangu hapo imenakiliwa kwa uaminifu, mzazi kwa mtoto. Haikupotea kwa sababu mwenye nakala moja tu yenye kasoro hupata kinga dhidi ya malaria kali. Watu wa mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni hawahitaji kuelezwa malaria ni nini.

Herufi moja inamlazaje mtoto wodini?

Cheti cha kuzaliwa hukiachi ofisini kwa watu. Unatoa fotokopi, halisi inabaki kabatini. Seli nayo hutoa nakala ya jeni, iitwayo RNA, ikaipeleka nje ya kiini kwenye ribosomu, kiwanda cha protini. Ribosomu husoma herufi tatu tatu, na kila tatu huita amino asidi yake, zinaungwa mnyororo hadi protini ikamilike.

Kwenye jeni ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, GAG imekuwa GTG. Basi mahali pa 6 kwenye mnyororo, badala ya asidi ya glutamiki inakaa valini. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hugandamana, seli nyekundu ya damu inajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndiyo maumivu yale. Tena seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu inapungua.

Dawa ya haidroksiyurea inabadilisha DNA?

Hairekebishi herufi ile. Inaamsha himoglobini aliyokuwa nayo mtoto tumboni, inayotoka kwenye jeni nyingine isiyo na kasoro. Hata tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 hufuata njia hiyohiyo, kwa bei inayozidi dola milioni 2. Mpe mtoto dawa kama daktari alivyoandika, usimkatishe akipata nafuu.

Nina nakala moja tu yenye kasoro na kazi yangu ni upagazi Kilimanjaro. Niache?

Wengi wenye nakala moja hupanda bila shida. Lakini juu oksijeni ni kidogo, na bandama inaweza kuumia. Mwambie kiongozi wako mapema. Ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, shuka saa hiyohiyo, usimeze panado ukasubiri kilele.