Springi ngumu, tairi hewani

Kila aliyeagiza Subaru Impreza kutoka Japani anakuja na swali lilelile: nifunge nini chini, ili Jumatatu niende nayo kazini na Jumamosi niingie nayo uwanja wa mbio? Kabla ya kutaja bei, huwa inabidi tung'oe kwanza aliyoyaokota kijiweni.

"Ikiwa ngumu ndiyo inashika barabara."

Hili lilinipata hata mimi. Impreza yangu ya kwanza niliifunga koilova (springi na shokapu zilizounganishwa pamoja, za kurekebishika) zenye springi za mbele za kilo 8 kwa milimita, yaani kila milimita ya kubonyea inadai kilo 8, kwa kuwa wote niliowaona wana kasi walikuwa wamefunga ngumu. Kwenye lami mpya ilikuwa tamu. Siku ya kwanza uwanjani, kwenye kona ambayo lami yake imefanya mawimbi, usukani ulilegea ghafla kama nimekanyaga sabuni, nikaenda kuvuna nyasi.

Hesabu yake si ngumu. Chukua pembe moja ya mbele inayobeba kilo 360, gurudumu lenyewe ukiliacha nje. Juu ya springi ya kilo 4 kwa milimita, uzito huo unaibonyeza springi kama milimita 90. Juu ya ile ya kilo 8, milimita 45 tu. Hizo ndizo milimita ambazo springi inazo za kulisukuma gurudumu lifuate bonde kabla haijaishiwa nguvu. Bonde likizidi hapo, tairi linabaki linaelea, na tairi linaloelea halikati kona wala halifungi breki.

Utaniambia magari ya mashindano ni magumu. Ndiyo, lakini mengi yana mabawa yanayoyagandamiza chini kadiri mwendo unavyopanda, na springi laini ingeyafanya yaburuze tumbo. Yako haina mgandamizo huo, hata ukiifunga bawa refu kama ubao wa kupigia pasi. Na Impreza iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka 1997 ilikuwa imeinuliwa, magurudumu yake yana nafasi kubwa ya kupanda na kushuka.

"Shokapu ndiyo inayobeba gari."

Anayebeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kuifunga breki springi isichezecheze, na nguvu inayoimeza inaigeuza kuwa joto ndani ya mafuta yake. Ndiyo maana ukizungusha kile kitufe cha koilova cha kukazia shokapu hadi mwisho, springi ya kilo 5 inabaki ya kilo 5. Ukikaza ringi inayoishikilia springi, vilevile: unainua gari, huongezi ugumu.

Ukitaka kujua umekaza kupita kiasi, pita kwenye rasta kwa mwendo wako wa kawaida. Tuta la kwanza linapandisha gurudumu, shokapu inachelewa kuliachia lishuke, la pili linalikuta bado juu, la tatu hivyohivyo. Gari linajikuta linachuchumaa lenyewe, na ukifika tuta la mwisho unasikia *gu!* Hapo limeshakalia vizuizi vya mpira. Rudisha kitufe nyuma mara mbili tatu, pita tena.

"Shusha, kona zitanyooka."

Kushuka kidogo kunasaidia. Lakini Impreza inatumia mfumo wa MacPherson mbele, ambapo shokapu inasimama juu na mkono mmoja unalishika gurudumu chini, na mfumo huo una kikomo. Ingia chini ya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, utazame mkono wa chini. Ukiwa unateremka kuelekea gurudumu, au umelala sawa, uko salama. Ukiwa unapanda kuelekea gurudumu, umezidisha: ile nukta ambayo gari linalalia kwenye kona imeshuka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka, kwa hiyo gari la chini linataka kulala zaidi kuliko lilipokuwa juu. Mwenye gari analaumu stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale.

Kuhusu kukata springi kwa grainda, sitaki hata kubishana. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja, ugumu unapanda kwa asilimia 20, na siku gurudumu likining'inia springi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake.

"Stabilaiza nene inazuia uzito kuhama."

Uzito utahama tu, kwa kadiri ya uzito wa gari, kimo chake, upana wake na ukali wa kona. Stabilaiza inaamua ni ekseli ipi ibebe sehemu kubwa ya mzigo huo. Impreza injini yake imekaa mbele ya ekseli ya mbele, ndiyo maana pua inapenda kwenda moja kwa moja. Stabilaiza ya nyuma iliyo nene kidogo inaizungusha. Ikizidi, mvua ikinyesha mkia utakutangulia.

"Kulaza tairi, juu yake kuingie ndani, kunalimaliza."

Kunalila upande wa ndani, kweli, lakini mlaji mkubwa ni magurudumu yanayotazamana au kupeana mgongo, kwa sababu yanasuguliwa kiubavu safari nzima. Digrii 2 za kulaza mbele, magurudumu yakiwa yamenyooka, unaishi nazo vizuri.

Kwa hiyo mwenye Impreza nampeleka kwanza kwenye tairi nzuri, bushi mpya na alaimenti. Koilova baadaye. Yangu sasa ina springi za kilo 5 mbele, na kati ya tairi na tao vinaingia vidole viwili. Kona ile ya mawimbi naipita bila kuinua mguu.