Z93.3, Z43.3 au K94.0: maana ya misimbo ya kolostomia

Kolostomia ni tundu ambalo daktari wa upasuaji hulifungua kwenye ukuta wa tumbo, akatoa sehemu ya utumbo mpana nje ili kinyesi kiingie kwenye mfuko. Ulimi huo wa utumbo unaoonekana nje huitwa stoma. Kwenye faili la hospitali, stoma hiyohiyo inaweza kupewa misimbo mitatu tofauti, na anayeandika hachagui kwa kuitazama stoma, bali kwa kuuliza: mgonjwa ameletwa na nini leo?

Hapa tunafuata ICD-10-CM, orodha ya misimbo ya magonjwa na sababu za kuja hospitali inayotumika Marekani tangu tarehe 1 Oktoba 2015.

Tuseme mgonjwa kaja kliniki kwa ajili ya shinikizo la damu tu. Mfuko anao, hauna tatizo, hakuna aliyeugusa. Unaanza na I10 ya shinikizo la damu, kisha Z93.3, inayosema tu kwamba mtu huyu ana kolostomia. Akija ili stoma ihudumiwe, au amelazwa ili ifungwe na utumbo uunganishwe tena, msimbo ni Z43.3, na kwa kawaida ndio unaotangulia. Stoma ikiwa imeharibika, unahamia K94.0. Z93.3 na Z43.3 haziandikwi pamoja kwa stoma ileile katika ziara moja. Orodha yenyewe inakataza. Vivyo hivyo K94.0 haiandamani na Z93.3, kwa sababu msimbo wa tatizo umeshasema kuwa stoma ipo.

K94.0 peke yake hukataliwa na kompyuta ya bima, maana inadai tarakimu moja zaidi: K94.01 ni kutoka damu, K94.02 maambukizi, K94.03 stoma kutofanya kazi, K94.09 matatizo mengine. K94.00, isiyotaja tatizo, ni ya mwandishi aliyekosa maelezo. Kabla ya kuiweka, afadhali umuulize daktari. Kwa maambukizi, ongeza msimbo wa aina yake, mfano L03.311 kama ngozi na nyama za ukuta wa tumbo zimevimba kwa selulaitisi, yaani maambukizi ya bakteria ndani ya ngozi. Ngiri iliyotokea kando ya stoma ndiyo inayowapotosha wengi: haimo K94, imo K43. Isiyoziba utumbo wala kuoza ni K43.5, iliyoziba bila kuoza ni K43.3, iliyooza ni K43.4.

Anayetumia ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, ambayo si ile ya Marekani, asinakili misimbo hii ya K94. Z93.3 na Z43.3 zinafanana kwenye matoleo yote mawili, lakini huko stoma isiyofanya kazi ni K91.4.

Misimbo ya stoma haisemi kwa nini ilitengenezwa. Sababu huandikwa kivyake: C20 kwa saratani ya puru, yaani mwisho wa utumbo mpana kabla ya njia ya haja kubwa, K56.2 kwa utumbo uliojisokota, K57.20 kwa vifuko vya utumbo mpana vilivyovimba hadi kutoboka au kutunga usaha, bila kutoka damu. C20 hubaki maadamu saratani ipo au bado inatibiwa. Ikishaondolewa na matibabu yakaisha, inakuwa historia, Z85.048, na utumbo uliokatwa unaandikwa Z90.49.

Madaktari wengi husema "ana mfuko" bila kutaja utumbo upi. Baada ya upasuaji wa puru, mara nyingi kinachowekwa kwa muda ni ileostomia, inayotoka kwenye utumbo mwembamba, na misimbo yake ni Z93.2, Z43.2 na K94.1. Soma ripoti ya upasuaji, usitegemee neno "mfuko". Kidokezo kingine ni kinyesi chenyewe: cha ileostomia huwa majimaji, cha kolostomia ya upande wa kushoto huwa kigumu zaidi.

Kosa lisilokoma ni Z93.3 kuendelea kunakiliwa kila ziara wakati stoma ilishafungwa zamani. Marekani msimbo huo huongeza malipo ya baadhi ya mipango ya bima ya Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee), kwa hiyo mkaguzi akifungua faili na kukuta kovu badala ya stoma, fedha hudaiwa zirudishwe. Siku ya kufungwa, andika Z43.3, kisha uifute Z93.3 kwenye orodha ya matatizo ya mgonjwa.